Nilivyoacha Kuziamini Bunduki za Pembe

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa bunduki. Nilipewa tupa, kile chuma chenye meno madogo cha kusugulia vyuma vingine, pamoja na misumari miwili iliyofanana kama mapacha. Fundi Mkuu wa karakana yetu pale Kasongo, mzee mnene aliyevaa kofia ya kufuma hata jua likiwaka, aliviweka vyote mezani akaniambia, "Mumoja unasema kweli, mumoja unadanganya. Nionyeshe."

Niliigeuza ile misumari, nikaipima kwa mkono, nikainusa. Yeye akacheka mpaka kitambi kikatikisika. "Wacha kuangalia, mutoto. Macho iko rafiki ya kila mutu. Uliza tupa."

Nikasugua. Juu ya msumari wa kwanza tupa iliteleza na kupiga kelele, haikuacha alama. Juu ya wa pili iliuma, ikaacha mkwaruzo unaong'aa. Ndipo akanieleza kwamba chuma kilichopikwa vizuri, yaani kilichotiwa moto kisha kikazimwa kwa kipimo chake, huikataa tupa, na chuma laini huikubali. "Mutu wa kazi yetu anashuku kwanza," alisema, "halafu ndiyo anaamini. Ukianza na kuamini, utazika watu."

Maneno hayo nimeyashika mpaka leo, na mke wangu atawaambia kwamba nimeyashika kupita kiasi. Sinunui sufuria sokoni bila kuigonga. Sinunui chumvi bila kuionja. Mtu akinisalimu kwa furaha nyingi mno, najiuliza anataka nini. Lakini Fundi Mkuu huyohuyo alikuwa na kitu kimoja asichokishuku kamwe, na akatufundisha nasi tusikishuku: bunduki za Pembe.

Ninyi vijana mmezaliwa mkizisikia bunduki zikitajwa kwa mambo ya vita tu, basi inabidi niwaeleze. Sisi tulikuwa mafundi wa bunduki za kuwindia. Babu yangu alitengeneza magobori, zile za zamani zinazoshindiliwa baruti kwa mdomo wa mtutu, na ukoo wetu wote pale Kasongo uliitwa kwa kazi hiyo. Nilipokua, gobori lilikuwa limebaki kwa mazishi ya wakubwa. Wawindaji wenye kibali cha serikali walitaka bunduki ya mitutu miwili, na nyumba ya biashara iliyoniajiri iliwauzia pamoja na nguo, nyavu na mabati. Chapa yake ilikuwa pembe ndogo iliyogongwa kwenye shina la mtutu, nasi tukaiita hivyo, Pembe.

Pembe ya zamani ilikuwa kitu cha kuapia. Ilianguka matopeni, ikanyeshewa na mvua za bondeni mwa Luama, ikaachwa darini pamoja na panya, na ukiichukua inaitika. Baba alimrithisha mwana. Mposaji akija na Pembe begani, baba wa binti alipunguza maswali. Nasema hivyo nikijua, kwa kuwa dada yangu mdogo Zaina aliposwa na Ramazani, mwindaji wa upande wa Kabambare, na marehemu baba yetu aliuliza swali moja tu: "Anawinda na nini?" Aliposikia jibu, akaita watu wale wali.

Baada ya miaka ya karakana nilihamishiwa tawi la Kabambare, niwe fundi peke yangu. Mkubwa wangu huko alikuwa Shefu wa Depo, mtu nadhifu, viatu vyake vinang'aa katika mji ambao barabara yake ilimeza pikipiki mpaka kwenye tandiko. Alikuwa na hesabu kali na sauti ya taratibu, na mimi watu wa sauti ya taratibu hunitia wasiwasi tangu zamani. Lakini tulipatana.

Kisha ukaja mzigo mpya. Njia ilikuwa imefungwa muda mrefu kwa ajili ya vurugu, na ilipofunguka tukaletewa masanduku ya Pembe yaliyopita mikono nisiyoijua. Nilipofungua la kwanza, roho yangu haikutulia. Chapa ya pembe ilikuwepo, ila imegongwa juujuu. Mbao za kitako zilinuka rangi mbichi. Vichwa vya skrubu vilikuwa vimeparuliwa, na skrubu ikiparuliwa na mtu wa kiwandani, ujue ana haraka, na mwenye haraka hakagui kazi yake.

Nikamwambia Shefu, "Mukubwa, hawa watu walibadilisha kiwanda?"

Akaendelea kufuta miwani yake. "Pembe iko Pembe."

"Skrubu hizi—"

"Fundi, watu hawawindi na skrubu. Uza."

Nikauza. Nilikuwa na shaka, lakini shaka si ushahidi, na katika kazi yetu ushahidi ni bunduki irudi mezani na kasoro yake. Nikangoja zirudi. Hazikurudi. Mwezi ukapita, msimu ukapita, hakuna aliyelalamika hata mmoja. Hilo lilinitia shaka zaidi. Bunduki nzuri nayo hurudi: chemchemi imechoka, kitako kimepasuka. Bunduki zisizorudi kabisa zina jambo.

Jambo lenyewe, kama mngekuwa watu wa bonde la Luama, mngelijua tangu hapo. Kwa wawindaji wa kule, bunduki ikifyatuliwa ikasema "ta!" bila moto, haijaharibika. Imefungwa. Na inayoifunga ni nyumba: kuna ugomvi uliofichwa, kuna ulimi mbaya, au bibi, yaani mke wa mwindaji, ametoka nje ya ndoa. Risasi iliyokataa hairudishwi nyumbani, hutupwa mtoni iende na balaa yake. Mwindaji harudi kwa fundi, anarudi kwa mkewe. Wanamkalisha chini, anatubu, anatema maji kidogo juu ya mtutu, na bunduki inafunguliwa. Halafu watu wa nyumba hiyo hawasemi neno nje, kwa aibu. Mimi ni mtu wa Kasongo mjini. Desturi hiyo niliijua kwa kuisikia, wala sikuwahi kuiunganisha na masanduku yangu.

Niliiunganisha siku Zaina aliposhuka mbele ya karakana kutoka kwenye pikipiki, ana furushi la nguo na vumbi mpaka kwenye kope.

"Yaya," aliniambia, ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, hakulia, "wamenifukuza."

Nikamkalisha, nikampa maji. Akanisimulia. Pembe ya Ramazani ya zamani ilipotea wakati wa vurugu, sasa alikuwa na ya mzigo mpya, mimi mwenyewe nilimuuzia. Ilikuwa imeshasema "ta" mara kadhaa, na kila mara Zaina aliulizwa maswali, akajibu kwamba hana la kutubu. Safari hii walikutana na nyati, Ramazani na mdogo wake Idi. Ramazani akainua, akafyatua. Ta! Akafyatua mtutu wa pili. Ta! Nyati akamrusha Idi, akamvunja mguu na kumpasua paja. Idi alikuwa hai, lakini ukoo ulikuwa umekasirika, na hasira ilikuwa imeshapata mlango wa kupigia hodi.

"Wanasema nina mwanaume," Zaina akasema. "Wanataka nitubu mbele ya kikao. Nikitubu, narudi nyumbani, yanaisha. Nisipotubu, ni mimi nilivunja mguu ya Idi, na jina langu litakaa ivyo mpaka kaburi."

"Na weye unasema nini?"

Aliniangalia kwa hasira. "Mi sikufanya kitu, Yaya. Nitatubu nini? Niwatungie mwanaume?"

Nilimwamini palepale. Hapo nikaona jambo nisilolitaka: kama Zaina alikuwa msafi, basi Pembe ndiyo chafu. Hakukuwa na mlango wa tatu. Na Pembe ndiyo iliyokuwa ikinilisha mimi, ndiyo iliyomlisha baba.

Kesho yake nikaenda kijijini kwa Ramazani. Idi alikuwa amelala ukumbini, mguu umefungwa kwa vipande vya mianzi, uso umemsawijika. Ramazani hakunipa mkono. Nikamuuliza bunduki iko wapi, akaonyesha kwa kidevu nyuma ya nyumba. Ilikuwa imeegemezwa kwenye mgomba, na tangu siku ile hakuna aliyethubutu kuigusa. Katika haraka ya kumbeba ndugu yao walikuwa wamesahau kuifungua. Zile risasi mbili zilizokataa zilikuwa bado ndani.

Zilikuwa risasi za kwanza za aina hiyo nilizowahi kuziona. Nyingine zote zilikuwa zimekwenda na maji ya Luama, na ushahidi wangu umekwenda nazo.

Nikaifungua taratibu, mtutu ukielekea porini, nikazitoa. Chini ya kila risasi pana fataki, kile kifuniko kidogo ambacho kikipigwa na sindano ya bunduki ndicho kinachowasha baruti. Sindano nzuri huacha shimo, lenye kina, katikati. Hizi zilikuwa na kibonyeo tu, kama kidole cha mtoto kwenye ugali uliopoa. Nikaitoa sindano yenyewe. Ncha yake ilikuwa imebonda, imekuwa bapa. Nikachukua tupa yangu ileile ya siku ya kwanza, nikasugua. Iliuma kama inavyouma msumari wa kupigilia mabati.

Sikumwambia Ramazani neno. Mtu mwenye hasira ukimpa nusu ya ukweli, atakupiga nayo. Nikarudi Kabambare nikafungua masanduku yaliyobaki, nikatoa sindano moja baada ya nyingine. Tupa iliteleza juu ya ya kwanza, nikashusha pumzi. Iliteleza juu ya ya pili. Ya tatu ikauma. Iliyofuata ikateleza, iliyofuata ikauma tena. Nilikaa chini. Kama zote zingekuwa mbovu ningefurahi, nawaambia kweli, kwa maana ubovu unaojulikana unaepukika. Lakini nzuri na mbaya zilikuwa zimevaa chapa moja, zimelala sanduku moja. Huko zilikotoka hakuna aliyekuwa akizikagua, na pembe ile iliyogongwa mtutuni haikuwa tena na maana yoyote.

Shefu wa Depo alinikuta na sindano zimepangwa juu ya kitambaa.

"Unafanya nini na mali ya watu?"

Nikamweleza, nikamwonyesha mikwaruzo. Alisikiliza yote. Kisha akafunga mlango.

"Fundi, wenye bunduki wamekuja kulalamika?"

"Hapana, Mukubwa."

"Banasema shida iko wapi?"

"Mu nyumba zao. Kwa bibi zao."

"Basi." Akatabasamu. "Mambo ya nyumba za watu inakuhusu nini?"

Nikatazama ukutani nyuma yake, ambako aliitundika bunduki yake ya kwendea kuwinda kanga. Ilikuwa Pembe ya zamani, ya babake. Mzigo mpya ulikuwa umefika tangu lini, mtu ana masanduku mazima chini ya mkono wake, na hakuwahi kujichukulia hata moja. Sikumuuliza alijua tangu lini. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nikila naye meza moja.

Akasema, "Ukifungua kinywa, ujue hauna kazi apa."

Usiku sikufikiri sana, maana jambo lenyewe halikuwa na pande nyingi. Kwa upande mmoja kazi, kwa upande wa pili dada yangu. Na Idi pia, na mwingine ambaye angekutana na nyati wiki ijayo.

Kikao kilikaa uwanjani kwa baba mkubwa wa Ramazani, mzee mkavu mwenye fimbo, aliyesikilizwa na wawindaji wote wa bonde. Wanaume walikaa mbele kwenye viti na magogo, wanawake nyuma kwenye mikeka. Idi aliletwa kwenye kitanda. Zaina aliwekwa peke yake katikati, juu ya kigoda.

Mzee akaanza kwa upole. "Mwanangu, hatutaki kukuvunjia heshima. Tubu kidogo tu, ata kama ni neno ya kinywa, bunduki ifunguke, urudi mu nyumba yako."

"Baba, sina la kutubu," Zaina akajibu.

Minong'ono ikapanda. Hapo nikasimama, nikaomba ruhusa, nikaweka tupa miguuni pa mzee.

Sikuhutubu. Nilimpa mzee mwenyewe sindano ya Pembe niliyorithi kwa marehemu baba yangu, nikamwambia asugue. Tupa ikateleza ikalia. Nikampa sindano ya bunduki ya Ramazani. Akasugua, akasimama, akaisogeza karibu na jicho, akasugua tena. Vumbi la chuma lilimwangukia kwenye kanzu.

"Hii iko laini," alisema.

Nikamwekea mkononi zile risasi mbili na kumwonyesha vibonyeo. Nikamwambia sindano laini hubonda, ikibonda haifiki, isipofika hakuna moto, hata kama mwenye bunduki ameoa malaika.

Ramazani akaruka. "Uyu ni kaka yake! Anamutetea! Na kama ni chuma, mbona iko ya kwangu peke yake?"

Hapo ndipo nilipokuwa na hofu, kwa kuwa nilikuwa nimepima za kwenye masanduku, si zile nilizokwisha kuuza. Kwa hizo nilikuwa na shaka tu. Nikawageukia wawindaji, nikasema, "Wenye Pembe mupya, naomba muniambie ukweli. Iko yake peke yake?"

Kila mmoja akatazama vidole vya miguu yake. Mtu aliyekaa pembeni, mwindaji mashuhuri wa ngiri, akakohoa. "Ya kwangu ilifungwaka," alisema kwa sauti ndogo. "Mwaka jana. Tulimaliza mambo mu nyumba."

"Na ya kwangu," akasema mwingine.

"Ya kwangu mara mbili."

Wakaanza kutazamana. Kila mmoja alikuwa ameibeba aibu yake peke yake, akidhani nyumba ya jirani ni safi. Ramazani alikuwa bado amesimama, mdomo wazi, na hakuna aliyemtazama tena.

Kisha kule nyuma, kwenye mikeka, mke wa yule mwindaji wa ngiri aliinuka. Alikuwa mama mzima mwenye wajukuu. Akakaza kitenge chake kiunoni, akauliza, "Sasa mie nilitubu nini?"

Mumewe akaivuta kofia yake machoni.

"Nawauliza. Mulinikalisha chini mbele ya watoto wangu. Nilisema nililala na mutu, na sikulala na mutu. Nilisema juu bunduki ifunguke, watoto wakule nyama. Nilitubu nini?"

Mwingine akainuka, na mwingine. Mzee akagonga fimbo, hakusikilizwa. Nimekaa katika vikao vingi maishani, lakini sijaona wanaume wakitafuta njia ya kutokea kama siku ile. Na Zaina alikuwa bado amekaa juu ya kigoda chake, mikono mapajani. Nilijivunia yeye hata nikashindwa kumtazama.

Mimi nilifanyiwa nilivyoahidiwa, au karibu yake. Shefu hakunifukuza, aliogopa ningesema zaidi. Alinihamishia depo ya Nyangwe, nikapime nyavu na ndoana kwa wavuvi wa Lualaba, kazi isiyo na sindano. Huko nilikaa mpaka nikastaafu. Pembe mpya nazo ziliacha kununuliwa kote bondeni, na punde hata zile nzuri hakuna aliyezitaka, na zile za zamani mtu akaanza kuzitazama kwa jicho la pembeni. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Niliumia kwa hilo, sifichi. Jina lililojengwa na watu waangalifu waliokwisha kufa, liliangushwa na watu wasiojua kutumia tupa.

Sasa nipo nyumbani Kasongo. Vijana wa pikipiki hunijia kuniuliza kama betri fulani ni nzuri, kama mnyororo huu ni wa kweli au wa uongo. Nawagongea, nawasugulia. Wengine huniuliza jambo gumu zaidi: chapa ikishakudanganya, ikatengenezwa, unaweza kuiamini tena? Mimi sina jibu langu mwenyewe. Huwapa la Zaina.

Ramazani alimfuata nyumbani kwangu baada ya kikao kile, kabla sijahamishwa. Alikuja na kuku wawili na nguo mpya, ameinamisha kichwa, naye alikuwa mtu mzuri kwa mambo mengine, nasema haki. Akaomba msamaha mbele yangu na mbele ya mke wangu. Zaina alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia.

"Yaya, ile Pembe yake, unaweza kuiwekea sindano muzuri?"

"Naweza. Ngumu kabisa. Tupa haitaigusa."

Akamwuliza mumewe, "Yaya akiitengeneza, utaenda nayo kwa nyati?"

Ramazani alifikiri. Alikuwa mwindaji, hakuweza kusema uongo kwa jambo hilo. "Hapana," alisema. "Kila nikiinua nitasikia ile ta."

Zaina akatikisa kichwa polepole, akawapokea kuku, akawafungua kamba na kumrudishia mikononi mwake.

"Na mimi ni ivyo," akamwambia.